Nilimgombania Mwigizaji, Kumbe Mwizi Nalala Naye!

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, na nina saluni ya kusuka hapa Karatu mjini. Kwetu ni Endabash. Naandika haya nikiwa na hasira, sitaki kuwadanganya. Mkiona maneno makali mnisamehe, au msinisamehe, shauri yenu!

Yote yalianza na tamthilia ya polisi na wezi inayoonyeshwa kila Jumatano jioni. Sisi wanawake wa saluni tulikuwa wagonjwa nayo. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la mashabiki, wa Karatu, Mbulu hadi Loliondo, na kazi yetu ilikuwa kubishana tu. Nani anafaa kuwa steringi, nani amebebwa, nani kapewa nafasi kwa ajili ya sura...

Watengenezaji walipokuja kurekodi huku kwetu, mume wangu ndiye aliyewatafutia ng'ombe wa kuibwa kwenye hadithi. Yeye ni dalali mnadani, anajulikana. Alitamba mtaa mzima: "Bila mimi wangeigiza na mbuzi!" Na mimi nikajivuna naye. Mwanamke gani asingejivuna?

Kipindi hichohicho, nyumbani kwa baba kulikuwa na kilio. Ng'ombe aliyeachwa na marehemu mama alikuwa ameibwa zizini! Ng'ombe huyo baba hakumuuza hata mwaka wa ukame, watoto walipokuwa wanalala njaa. Na mbwa hawakubweka. Wazee wakasema mwizi ni wa humohumo ndani.

Mume wangu, mkwe mpendwa, akamwambia baba kwamba alimwona mdogo wangu Lohay mnadani, ananong'onezana na wachinjaji. Lohay alikuwa anapenda pombe. Nani angemsikiliza mlevi?

Kwetu Wairaqw, kikao cha wazee kikikutenga umekwisha. Hupewi moto, hupewi maji, husalimiwi njiani. Lohay alipiga magoti mbele ya baba, akaapa, akalia kama mtoto... Baba akageuza uso. Nilimtetea mpaka sauti ikanikauka. Nikaambiwa mwanamke aliyeolewa hana kauli kwenye boma la baba yake. Mdogo wangu akaondoka na blanketi begani. Niliporudi nyumbani, mume wangu akanibembeleza na kunifuta machozi. Ana roho gani yule mtu?

Miezi ikapita, sehemu ile iliyorekodiwa kwetu ikaonyeshwa. Ajabu, yeye aliyetamba sana alisema kichwa kinamuuma, akaenda kulala. Mimi nikaitazamia saluni na wenzangu.

Kundini kukawaka moto! Mwizi wa ng'ombe alikuwa Mmasai, tena ameigizwa na kijana wa Dar. Mfugaji mmoja wa Oloipiri, kule Loliondo, akaandika kwa uchungu: "Kwani kila mwizi wa ng'ombe lazima awe Mmasai? Na hata huyo Mmasai hamkumtafuta, mmetuletea mtoto wa mjini kajifunga shuka kama taulo!" Nikamuunga mkono. Yupo mama mmoja wa hapa Karatu tunamwita Mama Glory. Akanivamia: "Wewe msusi unajua nini kuhusu uigizaji? Kijana anajua, acha wivu."

Wivu! Mimi! Tukarushiana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikaapa nitamwonyesha kwa picha kwamba kijana wake hajui hata kuswaga ng'ombe.

Kesho yake nikaitafuta ile sehemu kwenye simu, nikairudisha nyuma, nikaisimamisha. Kweli, fimbo ameishika kama mpini wa ufagio. Nikacheka peke yangu.

Halafu nikaona nyuma yake...

Watu wa mjini huangalia sura za watu. Sisi tuliolelewa na ng'ombe tunaangalia ng'ombe. Pembe ya kushoto ilikuwa imekatwa ncha. Ilikuwa inaota kuelekea jichoni, baba akaikata kwa msumeno, na mimi ndiye niliyeshika kamba! Baka jeupe la shingoni lilikuwa palepale. Ng'ombe wa mama yangu!

Nikamfuata mume wangu. Akaitazama simu, akasema, "Mama Happy, ng'ombe wote wana pembe." Nikamwambia basi tuondoke wote wawili, tukamwonyeshe baba. Hapo akakaa chini.

Akakiri. Watengenezaji walitaka ng'ombe mmoja mzuri wa kutangulia mbele, na alijua baba asingekubali kumwazimisha. Mbwa wa pale walimzoea, akamchukua ng'ombe. Eti alikusudia kumrudisha, ila makelele yalikuwa yameshaanza, akaona aibu, akamuuza kwa wachinjaji. Nikamuuliza, na Lohay je? Akajibu, "Wazee walikuwa wanataka jina."

Walikuwa wanataka jina! Nimezaa watoto watatu na mtu huyu!

Nilipompelekea simu, baba hakuwaangalia waigizaji hata kidogo. Aliomba nirudishe nyuma, tena na tena, kisha akasema, "Ni yeye. Mwanangu nimemfanya nini?" Wazee wakakaa tena, wakachinja kondoo wa kusafisha, wakamwondolea Lohay adhabu. Lakini mwenyewe hakuwepo!

Nikamfuata Mang'ola, anakofanya kibarua kwenye mashamba ya vitunguu. Alinisikiliza bila kuacha kung'oa. Nilipomaliza akasema, "Dada, nilimlilia baba ananiona kwa macho yake, hakuniamini. Leo kaiamini TV. Mwambie akifa azikwe na TV."

Nilipoeleza kundini, Mama Glory akasema natafuta kiki. Wengine, bila haya, wakaanza kubishana ni nani aigize nafasi ya mume wangu! Nilipowatukana nikatolewa. Laana iwapate.

Mume nimeshamwacha, kesi iko polisi. Lakini baba ameanguka, upande mmoja umekufa, maneno hayatoki. Akinishika mkono hujitahidi kutamka jina moja tu, na silo langu. Nampigia Lohay. Akisikia ni mimi, anakata...

Wazazi wenzangu, nawasihi! Mkwe ana maneno matamu kwa sababu bado anatafuta kupendwa. Mtoto wako, hata akiwa mlevi, akikuambia "sikuiba", mtazame usoni, chunguza, ndipo uhukumu. Msije mkajua ukweli siku ambayo mtoto hataki tena kuusikia.