Sauti ya Dirisha la Tatu

Uvumi ulinifikia Jumanne nikianika nguo: yule kijana anayependana na binti yangu, anayetengeneza muziki kwa kompyuta, anaficha mwanamke chumbani. Jirani yangu mshona mapazia ana duka lake chini ya chumba cha kijana huyo. Alinishika mkono kabisa.

"Mama, mchana kweupe! Mwanamke anasema 'njoo karibu, njoo karibu', halafu anacheka. Na kutoka nje hatoki, hata kumwaga maji."

Nilimwambia aache umbea. Lakini neno halikunitoka kichwani. Niliinjika chai ikachemka mpaka ikakaukia sufuriani. Nawaandikia wazazi wenzangu, na nyinyi mnaopendana, msije mkafanya tuliyofanya sisi. Mengine niliyaona, mengine nilisimuliwa na wenyewe baadaye.

Mwanangu na kijana huyo walikutana hospitalini, pale panapojaa watu tangu alfajiri. Mwanangu ni karani wa mapokezi, dirisha la tatu. Anaita namba kwenye kipaza sauti na kugonga muhuri. Siku hiyo alivaa blauzi ya njano, nywele kasuka mistari. Kijana akaja na shati jeusi lililopauka, hedifoni shingoni kama mabakuli mawili, sikio linamuuma.

"Sabini na moja, njoo karibu."

Kijana kasimama tu.

"Sabini na moja! Wewe kaka mwenye masikio manne, husikii?"

"Nasikia, dada. Nilitaka uite tena."

Mwanangu akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. "Linauma sikio gani?"

"Lilikuwa la kushoto. Limepona ulipoita."

"Basi nenda nyumbani, usinijazie foleni!"

Tangu hapo akamwita Masikio, naye akaitwa Sabini na Moja. Kila mchana simu.

"Leo umefanya nini, Masikio?"

"Nimerekodi mlango wa kabati."

"Mlango?"

"Ukiupunguza kasi unatoa ngoma nzito. Mpenzi, mimi sina bendi wala kampuni. Nina kabati, ndoo ya bati na kompyuta inayopata moto kama pasi."

"Na huo wimbo utaisha lini?"

"Kuongeza sauti ni rahisi, kazi ni kufuta. Jana zilikuwa arobaini, leo zimebaki tisa. Nikifika kwenye ile ambayo mkono unakataa kuifuta, hapo najua nina wimbo."

"Na mimi utanifuta?"

"Wewe umenishinda."

Lakini kwa wiki sita kijana hakumruhusu kukanyaga chumbani kwake. "Nakuandalia kitu, subiri Jumamosi." Jumamosi hiyo wimbo wake ungepigwa kwenye ukumbi mkubwa, mara ya kwanza baada ya miaka mitano ya kunyimwa nafasi. Sasa weka chumba kilichofungwa juu ya maneno ya mshona mapazia, uone mama atawaza nini. Nikamwambia mwanangu.

Akaenda saa ya chakula, akapanda ngazi, akaweka sikio mlangoni. "Njoo karibu... njoo... njoo karibu." Kisha kicheko. Hakubisha. Alishuka, akapiga simu.

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani, mpenzi?"

"Nimemsikia! Anakuita umkaribie, anacheka!"

Na yule kijana, badala ya kujieleza, akacheka. Mwenzio analia, wewe unacheka! Mwanangu akakata simu, akafunga na namba yake isiingie tena. Siku mbili hakula. Aliita wagonjwa kama anayesoma majina ya walioshindwa mtihani. Mimi nikajisifu moyoni kwamba nimemwokoa.

Ijumaa nilimpelekea chakula. Nimesimama kando ya dirisha, namuona huyo, shati jeusi lile lile, macho mekundu, namba mkononi kama wagonjwa wengine.

"Unaumwa nini?" mwanangu akauliza bila kumtazama.

"Nipe dakika nne usikilize. Ukisema hapana, nafuta hapa hapa mbele yako, na kesho siendi ukumbini."

Akapitisha hedifoni kwenye tundu la dirisha. Mwanangu akavaa, akasikiliza, machozi yakamtoka. "Ndiye huyu. Ana sauti nzuri, hongera."

"Humjui?"

"Nimjulie wapi mimi?"

"Hebu nipe," nikasema. Nilitaka nimjue adui.

Ikaanza ngoma, du, du, kumbe ni muhuri wa dirisha la tatu. Ikapanda milio mingine nisiyoijua majina, kama mvua juu ya bati. Halafu sauti. Kabla ya "njoo" palikuwa na pumzi ndogo, kama ya mtu anayenyanyua ndoo. Pumzi ile naijua. Nimeisikia tangu akijifunza kuhesabu magotini pangu.

"Mwanangu, huyu ni wewe."

"Mama!"

"Ni wewe! Nani mwingine anavuta pumzi hivyo kabla ya kuita mtu?"

Akavaa tena. Hakuwa ameijua sauti yake mwenyewe, alikuwa anajionea wivu mwenyewe! Akaangua kicheko, na kilikuwa kicheko kile kile cha kwenye wimbo. Halafu akakunja uso.

"Kwa hiyo uliniibia sauti?"

"Nilikuwa narekodi kelele za foleni, ukaingia ndani yake. Kelele nyingi nilizifuta, wewe mkono ulikataa. Nilikosea kutokuomba. Ndiyo maana nimekuja kuomba."

"Unaomba sauti tu?"

"Sauti, na mwenyewe. Nikuoe."

Mzee mwenye plasta mguuni akapaza: "Dada, mkubalie basi, tuhudumiwe!"

Mwanangu akajifuta uso, akavuta ile pumzi yake, akashika kipaza sauti. Hospitali nzima ikasikia:

"Sabini na moja, njoo karibu."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Wimbo ulipofika pale, watu mia kadhaa waliitikia kwa sauti moja, "Njoo karibu!" Waliomba urudiwe, ukarudiwa mara tatu. Mwanangu na blauzi yake ya njano jukwaani, kijana pembeni yake. Mimi na mshona mapazia tulicheza mbele kabisa, na nguo zetu za sherehe.

Basi, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimhukumu mtu kwa masikio ya jirani.

Usimpelekee mwanao neno ambalo hujaenda kulisikia mwenyewe.

Usisikilize mlangoni ukaondoka bila kubisha.

Usichukue sauti ya mtu bila kumuomba, hata kama unampenda.

Usicheke mwenzio akilia kwenye simu.

Usifunge namba ya mtu kabla hajamaliza kusema.

Na ukialikwa ukumbini, usivae viatu vipya. Miguu yangu bado imevimba.