Akiwa Chini ya Gari, Lazima Ajibu

Siku ile mjinga alikuwa yeye, Fundi Vicheko, na pale gereji hakuna anayebisha. Hata mwenyewe habishi.

Alikuwa chali chini ya gari, miguu tu ikionekana, akijibu kama kawaida.

"Upo?" mchumba wake aliuliza kutoka duka la vipuri, mlango wa pili.

"Nipo!"

Kidogo tu, tena:

"Upo?"

"Nipo, mama! Au nikutumie picha?"

Mafundi wakaangua kicheko. Binti huyo wa vipuri hakuzaliwa hivyo. Siku moja alimletea filta fundi mwenzao aliyekuwa chini ya gari, na kabla hajaipokea, jeki ikachomoka, gari likamlalia pale pale. Binti akabaki ameshika filta, anatazama buti zikirukaruka, kisha zikatulia. Tangu hapo, spana ikidondoka anaruka. Usingizi anauibaiba. Na Vicheko akiwa chini ya gari, lazima ajibu.

"Shemeji katuchosha," fundi rangi alisema. "Jumamosi unaoa kengele."

"Namtibu sasa hivi," Vicheko alinong'ona. "Akishtuka mara moja vizuri, hofu yote kwisha. Tazameni."

"Upo?"

Kimya.

"Upo jamani?"

Vicheko akabamiza rungu la chuma sakafuni. Kishindo! Akarusha miguu mara mbili, kisha akailegeza.

Alingoja ukelele. Badala yake alisikia magoti yakigonga sakafu, vidole vikavuta buti lake, vikavuta, na kisauti kikawa kinasema, "Nipo, nipo, nipo," kana kwamba kinamjibia.

Fundi rangi akashindwa kuzuia kicheko. Vicheko akajivuta nje, meno yote nje.

"Umeona? Mzima kama chuma!"

Binti alikuwa bado ameng'ang'ania buti. Ukucha mmoja umeng'oka. Sketi imelowa.

"Hee! Shemeji kajikojolea!" fundi rangi akapayuka.

Vicheko naye akacheka. Hapo ndipo ujinga wake ulipotimia.

Binti akainuka, akavua pete, akaiweka juu ya boneti.

"Wee, utani tu, mpenzi! Kwani gari lilikulalia wewe? Hukuguswa hata unywele. Uliona tu! Nilitaka uzoee."

Binti alijifunga koti la kazi kiunoni, akaenda zake.

Jioni Vicheko akatuma ujumbe: "Upo?"

Kimya.

"Upo mpenzi?"

Kimya.

Kesho yake akapiga mpaka simu ikapata moto. Mwishowe ikapokelewa.

"Nisamehe. Jumamosi ndugu zangu wote wanakuja, nitawaambia nini? Tangu nikuone unaondoka sili, silali. Nikifumba macho naona mgongo wako tu. Nakufa, mwenzio!"

"Kuna kitu kimekuangukia?"

"Hapana, lakini…"

"Basi uliona tu. Utazoea."