Bendera Iliyotembea

Kitendawili! Sina miguu, nikipanda mji mzima husimama.

Umeshindwa? Basi fikiri huku unakimbia, maana jasusi Nyigu anakimbia nyuma ya mwizi.

"Umemwona?" Mkuu wa majasusi aliuliza redioni.

"Nimeona mgongo. Kavaa jezi ya rangi za bendera."

"Mkamate."

"Mkuu, uwanja mzima umevaa jezi hiyo hiyo!"

"Sasa utamjuaje?"

Nyigu alitamani kuitupa redio. Bastola ya Glock kwapani, darubini shingoni, na vyote havimfai, kama kijiko kwenye sahani tupu.

Kinyonga, mlanguzi kutoka ng'ambo, alikuwa amejifunga tumboni bendera ya kwanza ya taifa. Ile iliyoshonwa kwa mkono mkesha wa uhuru; kitambaa cheupe kikapungua, mafundi wakakata shuka la hospitali. Mlingotini kaacha bandia. Mercedes nyeusi ilimngoja nje ya lango. Akiifikia, bendera hairudi.

Nyigu alisukuma. Akakanyagwa. Akatukanwa.

Jezi. Jezi. Jezi tu, mpaka macho yakamuuma!

Mara tarumbeta zikalia. Wimbo wa taifa.

Uwanja ukaganda. Askari wa langoni wakaganda, macho mlingotini. Na miguu ya Nyigu, mijinga ile, ikaganda pia, visigino pamoja, kama alivyofunzwa darasa la kwanza. Roho ilimuuma. Watu wote hawa wanaisimamia bandia, na ya kweli iko tumboni mwa mwizi!

Ndipo alipoona jezi moja inatembea.

Alichomoka. Mkono wa bibi kizee ukamdaka koti.

"Simama, we mtoto! Huoni bendera inapanda?"

"Bibi, bendera inaondoka!"

"Huna haya! Kwenu hamna wakubwa?"

"Wamo, bibi. Nisamehe."

Akajivua koti, likabaki mkononi mwa bibi.

Kinyonga alishagusa mlango wa Mercedes. Nyigu akamvuta kola. Kiwiko. Goti. Akamwangusha chali, si kifudifudi.

Bendera haigusi chini.

Mkuu alifika akihema kama mvukuto. Nyigu akamkabidhi kile kitambaa kilichochakaa, mstari wa shuka ukiwa bado mweupe, kisha akageuka kwenda kudai koti lake. Matusi mengine yalikuwa yanamngoja huko, alijua.

"We Nyigu! Hujanijibu. Ulimjuaje?"

Hakugeuza hata shingo.

"Bendera ikipanda, Mkuu, mwenye nayo hasogei."