Dawa ya Macho ya Mama Fundi

Watu wa mtaa walimwita Mama Fundi. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na bado alishona sare za shule na magauni ya harusi. Mteja wa zamani akiingia, Mama Fundi alimtazama tu na kusema, "Wewe ulikuwa kiuno thelathini. Sasa hivi sijui, tupime."

Kichwa chake kilikuwa daftari. Lakini jambo moja lilimshinda. Alipewa dawa ya macho, tone moja kila jicho, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Saa mbili ilifika ikapita, naye yuko kwenye pindo la sketi.

Siku ya kliniki, muuguzi alimpima akatikisa kichwa.

"Mama, presha ya macho imepanda. Dawa unaweka?"

"Anapuuza, dada," alidakia binti yake aliyemsindikiza. "Kila siku namwambia."

"Presha hii huua macho polepole," alisema muuguzi. "Na uoni ukipotea haurudi."

Mama Fundi aliiwazia sindano yake. Bila macho, uzi atautungaje?

"Sipuuzi," alisema. "Nasahau. Na hilo ndilo ninalotaka kulijua. Vipimo vya watu vya miaka ishirini ninavyo kichwani. Tone la leo asubuhi silikumbuki. Ni akili zinaniaga?"

Muuguzi alivuta kiti akaketi.

"Kukumbuka yaliyopita ni kazi moja, Mama. Kukumbuka kufanya jambo ambalo bado hujalifanya ni kazi nyingine. Hapo hakuna anayekuuliza. Unajikumbusha mwenyewe, na mikono ina shughuli. Umri ukisogea, kazi hiyo huwa ngumu, hasa jambo likiwa la saa fulani."

"Kwa hiyo si ugonjwa?"

"Kwa wengi, si ugonjwa. Ungekuwa unapotea njia ya nyumbani, au unasahau jinsi ya kushona, ningekupeleka kwa daktari leo leo. Sasa niambie, asubuhi unaanza na nini?"

"Natoa kitambaa kinachofunika cherehani. Jioni nakirudisha."

"Basi chupa ikae na kitambaa hicho. Sema kwa sauti: nikishika kitambaa, naweka dawa. Usiisubiri saa. Acha kitambaa kikukumbushe."

Mama Fundi alitaka kuona kama ni kweli. Kila alipoweka dawa, alichora mstari wa chaki ukutani. Jumatatu, mistari miwili. Jumanne, miwili. Ikawa hivyo mpaka Jumamosi. Jumapili, hapakuwa na mstari hata mmoja.

Alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni.

"Jumapili nilikuwaje?"

"Ulipumzika siku nzima, mama," alisema binti. "Nafasi ulikuwa nayo."

"Ndiyo ajabu yenyewe. Nafasi nilikuwa nayo, dawa sikuweka." Alifikiri kidogo, kisha akacheka. "Jumapili sishoni. Kitambaa sikukigusa. Meno je? Meno napiga mswaki kila siku, asubuhi na usiku."

Akaihamishia chupa kwenye kikombe cha miswaki.

"Nisamehe, mama," alisema binti. "Nilidhani unafanya makusudi."

"Yamekwisha. Ile sare uliyoahidi kumpelekea mwalimu, umepeleka?"

Binti alishika mdomo. "Nimesahau."

"Na wewe una miaka mingapi vile?"

Wakacheka wote wawili.

Miezi mitatu baadaye, muuguzi alimpima tena. Presha ya macho ilikuwa imeshuka vizuri. "Endelea hivyo hivyo, Mama," alisema.

Nje, kwenye benchi, mzee mmoja alikuwa ameinamisha kichwa. Mkewe alikuwa akimsema: mwezi mzima umepita, chupa ya dawa bado imejaa.

Mama Fundi aliketi kando ya mzee.

"Kaka," alisema taratibu, "asubuhi ukiamka, unaanza na nini?"

Mzee aliinua kichwa. "Nafungulia kuku."

"Vizuri," alisema Mama Fundi. "Na ufunguo wa banda unauweka wapi?"