Abiria wa Kiti cha Tatu

Mkanda wa kiti cha tatu ulikuwa umefungwa tena.

Kibibi aliinama kwenye mlango wa chombo akautazama kwa chuki. Yeye ndiye aliyeushona, na yeye ndiye aliyeuacha wazi kabla ya chakula cha mchana. Sasa ulikuwa umekazwa juu ya kiti kitupu, na sponji imebonyea katikati kana kwamba kuna mtu mzito ameketi. Siku ya nne hii. Aliigusa sponji, akakuta ni ya baridi, wakati karakana nzima ilikuwa ikitokota, maana ulikuwa mwezi wa nane, na mwezi wa nane wa Dubai haumwonei mtu huruma.

"Wavivu wakubwa," alisema, akauachia mkanda. Alijua kuna mtu anakuja kulala humo saa ya mapumziko.

Chombo chenyewe kilikuwa cha uongo. Ndio ule mwaka wa 2019, mtoto wa nchi ile alipokuwa karibu kurushwa angani na wenzake wawili, kwa roketi ya kweli, kutoka nchi ya mbali yenye baridi. Mji mzima ukaingiwa na kiherehere. Jumba moja kubwa la maduka kule Al Barsha likataka mfano wa roketi ile, wenye ukubwa ule ule, ili watu waje kupiga picha. Kazi ikaangukia karakana ya Dubai Investments Park ambayo hadi mwezi uliopita ilikuwa ikitengeneza ngamia wa faiba na keki za mbao za mapambo. Kibibi alishona viti, mikanda na nguo za wasafiri. Mumewe, Kondo, alipewa zile roketi nne za ubavuni, wenyewe wakiziita boosta. Katika roketi ya kweli hujaa mafuta na ndizo zinazoisukuma juu. Katika hii zilikuwa ganda la plaiwudi na povu jeupe lililopakwa faiba, ndani hamna kitu.

Kibibi aliidharau kazi ile. Alimdharau arbab, mwenye karakana, aliyetembea na kofia ya uhandisi asiyoivua hata akienda chooni. Na Kondo naye alimdharau kidogo, kama mke anavyoweza kumdharau mume anayempenda. Walikuwa wametoka Mbagala pamoja, wakamwacha binti yao Siwema kwa bibi yake. Huyo Kondo ndiye aliyekuwa kila kitu chake mjini pale, na alilijua hilo hata alipomwita debe tupu.

Aliyemzindua alikuwa Teopista, Mganda aliyelinda geti.

"Mama Siwema, hakuna mtu analala humo," Teopista alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nakaa hapa mlangoni saa ya lunch yote. Ni bwana yako peke yake aliingia, Jumapili. Alivaa zile nguo umeshona, akajipiga video."

Kibibi aliichukua simu ya Kondo bila kubisha hodi. Video ilikwishatumwa Mbagala kwa ndugu, majirani na mashabiki wote wa mpira wa mtaa. Ndani yake alilala Kondo kwenye kiti cha kati, magoti yamekunjwa, tumbo limebana zipu. "Mimi Kondo, fundi mkuu wa roketi, naondoka zangu juu," alitamba. Kisha akapiga kofi kwenye kiti cha tatu. "Hiki hapa hakina mwenyewe. Anayetaka kwenda juu na aje tufuatane. Karibu!"

Video ilipigwa saa saba kamili ya mchana. Saa ambayo Pwani hata mama mvivu huwaita watoto waingie ndani, mpumbavu huyu alikuwa akikaribisha wasiojulikana. Na alikuwa akiwakaribishia juu ya mawe meusi ambayo lori lilikuwa limeyaleta kutoka mabonde ya Hatta kupambia sakafu chini ya roketi, mawe ambayo hakuna aliyeuliza yalikuwa ya nani. Kibibi alikuwa anataka kuzima simu aliposikia, baada ya maneno ya Kondo, mlio mdogo wa mkanda ukijifunga.

Akairudia. Mlio ulikuwapo. Na wakati huo mikono yote miwili ya Kondo ilikuwa imeshika simu.

Kuanzia wiki ile Kondo akawa mtu wa kazi. Hilo peke yake lingetosha kumtisha mke yeyote. Alikuwa wa kwanza karakanani na wa mwisho kutoka. Alipiga msasa boosta zile mpaka zikang'aa, akagonga kila msumari na kuusikiliza, akaagiza mbao zilizopinda zing'olewe. Arbab akafurahi, akampa usimamizi. Ilikuwa aibu kusema, lakini jini lililomwingia lilikuwa fundi kuliko Kondo mwenyewe.

Chumbani mwao, katika nyumba za wafanyakazi, alilala chali juu ya godoro, magoti kifuani, macho wazi. Hakula. Mwili wake ulitoa harufu ya nywele zilizoungua. Na kila siku aliuliza jambo moja, kwa Kiswahili kizuri cha kale ambacho Mbagala hakuna anayekisema.

"Zimesalia siku ngapi, bibi?"

"Siku ngapi za nini, Baba Siwema?"

"Za kupaa."

Kibibi aligeukia ukutani. Aliogopa, na aliona hasira kwa kuogopa. Kwao, Pwani, majini aliyazoea tangu utotoni: yanataka marashi, yanataka kitambaa chekundu, yanataka kuimbiwa. Lakini jini linalotaka kupanda plaiwudi lilikuwa la aina ya peke yake kwa ujinga.

Akamtafuta Mzee Khalfan, Mzanzibari aliyeendesha gari la familia moja ya Al Barsha kwa miaka mingi na kuwasomea watu siku zake za mapumziko. Hakumwamini sana. Mzee alikuwa na kikohozi, alisoma dua kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na katikati ya maneno mazito madam wake humpigia kuuliza funguo ziko wapi. Lakini hapakuwa na mwingine. Akaja Alhamisi saa ya mapumziko, chetezo cha udi mkononi, arbab amekwenda kula.

Teopista aliwapokea getini, uso umemwishia damu.

"Banange, msiingie na huo moto! Amebeba mapipa ya thina, manne, ameweka moja moja kwenye kila boosta. Anasema ni mafuta. Sasa ameingia juu, amejifunga, na ana kiberiti."

Mzee Khalfan alitazama chetezo chake, akakitua mchangani nje ya geti polepole mno, kama mtu anayetua mtoto aliyelala.

Waliingia bila udi na bila moto, na kadiri walivyokaribia roketi ndivyo thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ilivyozidi kuwachoma puani, na chini ya harufu hiyo ikaja ile nyingine ya nywele zilizoungua, na jua la saa saba lilikuwa likipiga mabati ya paa hadi yanalia, lakini Kibibi alipopanda ngazi na kuingiza kichwa ndani ya chombo baridi ilimpiga usoni, akamwona mumewe amelala chali katika kiti cha tatu ndani ya nguo aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe, mkanda umemkaza kifua, kisanduku cha kiberiti kimekaa juu ya tumbo lake linalopanda na kushuka, na midomo yake ikihesabu kwa kurudi nyuma, taratibu, kuanzia namba kubwa sana.

"Karibu, bibi," midomo ilisema. "Tumechelewa."

"Assalamu alaikum, mgeni," alisema Mzee Khalfan nyuma yake. "Tupe jina lako, tukujue. Wataka nini kwa kijana huyu?"

"Jina langu liliungua. Nilikuwa nikikaa karibu na mlango wa mbingu nikisikiliza yanayosemwa, nikapigwa kwa kimondo, nikaanguka penye mawe. Nimekaa hapo hata majabali yakasahau umbo lao. Kijana huyu alinialika. Nataka nirudi."

"Ni katika wale waibao maneno," Mzee alimnong'oneza Kibibi. "Na akiwasha moto huo kabla hatujambembeleza, atampeleka mumeo kweli. Mkubalie kila kitu. Usimtukane."

Kibibi aliitazama njiti ambayo vidole vya Kondo vilikwishaitoa. Moyoni akamwona Siwema akipigiwa simu ya msiba. Hofu ikamjaa, na kama ilivyokuwa desturi yake, ikamtoka kama dharau.

"Kurudi wapi? Na hiki?" Akashuka ngazi mbili, akachukua patasi iliyokuwa imelazwa na mafundi, akaichomeka ubavuni mwa chombo na kuipiga kwa kiganja. Faiba ikapasuka. Akaibandua plaiwudi, na povu jeupe likamwagika chini punje punje. Akachota konzi nzima akamtupia mumewe kifuani. "Angalia! Hili ni povu la kufungia televisheni. Huu ni ubao. Hicho kidude mbele yako chenye taa ni kicheza muziki cha gari bovu. Ukiwasha hicho kiberiti hutakwenda mbinguni, utakwenda kwenye taarifa ya zimamoto. Jini zima, lililosikiliza malaika, limedanganywa na watengeneza ngamia!"

"Kibibi!" Mzee alimshika kanga.

"Niache! Umeona ujinga gani huu, Mzee? Mjinga amemwalika mjinga, wakapatana."

Mkono wa Kondo ulinyanyuka, ukaokota punje moja ya povu, ukaisaga kati ya vidole, ukaisaga tena. Kisha kikatoka kilio. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa cha mtu aliyengoja miaka isiyohesabika na akaonyeshwa kwamba amengoja bure, na Kibibi, ambaye hakuwa mtu wa kulia na wenye kulia, alisikia nywele za shingo zikimsimama.

"Cha kweli kipo?" sauti iliuliza.

Kibibi akaona mlango wa kutokea. "Kipo. Kitaondoka mwezi ujao, chenye viti vitatu na moto wa kweli."

"Mimi sijui njia. Nipeleke, nami nimwache huyu."

"Mwanangu," Mzee Khalfan alinong'ona, jasho likimtiririka katikati ya baridi ile, "usimpe neno usiloliweza. Hawa hawashiki karatasi, hushika neno."

Lakini njiti ilikuwa bado vidoleni. "Nakuahidi," alisema Kibibi. "Siku hiyo nitakupeleka, utakaa kiti cha tatu. Sasa toka ndani ya mume wangu."

Kiberiti kikaanguka. Mkanda ukafunguka wenyewe. Joto la Dubai likarudi ndani ya chombo kwa mkupuo, na Kondo, Kondo mwenyewe, mwenye tumbo lake na sauti yake ya Mbagala, akakohoa na kusema, "Mama Siwema, nani kanimwagia takataka hizi? Nina njaa."

Kibibi alilia hapo, akamkumbatia juu ya povu, akamwita pumbavu mara nyingi kuliko alivyopata kumwita. Mapipa wakayarudisha stoo. Tundu wakaliziba kabla arbab hajarudi. Kondo hakukumbuka chochote, na kesho yake alichelewa kazini, jambo lililompa mkewe faraja kubwa.

Mzee Khalfan hakufurahi. Alipiga simu kila wiki: waondoke karakana ile, watoe sadaka, waende wakalirudishe lile neno kwa kisomo wakati bado upo. Kibibi alicheka. Jini lililodanganywa na mbao lingeshindwaje kudanganywa na mtu? Asubuhi ya siku ya safari alipiga tena.

"Leo ndiyo siku, mwanangu. Njooni kwangu, nakuombeni. Wewe hukumtania, umemwahidi."

"Mzee, mwambie akakate tiketi," alisema Kibibi, akakata simu.

Jioni waliketi wafanyakazi wote chini ya mfano wao, kule Al Barsha, katikati ya umati uliofurika jumba zima. Kioo kikubwa kilionyesha nchi tambarare na roketi ikifuka moshi. Kondo alikuwa amenunua bisi na alikuwa akiwaeleza watu asiowajua jinsi boosta zinavyofanya kazi. Kibibi alimsikiliza, akamdharau, akampenda. Akasogea karibu naye.

Watu wakaanza kuhesabu. Moto ukawaka, roketi ikajinyanyua, kelele zikalipuka, wageni wakakumbatiana na wageni, wakapunga bendera. Roketi ikapanda mpaka ikawa nukta. Boosta nne zikaachia, zikaanguka pande nne kama petali, na watu wakashangilia tena. Ilikuwa kubwa na nzuri, na hakuna lililoharibika. Kibibi naye akapiga makofi. Alisikia fahari ambayo hakuitarajia, kisha akageuka ili mumewe aione.

Kondo hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akimtazama yeye. Mfuko wa bisi ulikuwa umemwagika miguuni pake, na hakuna aliyekuwa akimwona katika shangwe ile, akiwa amesimama wima kuliko Kondo alivyopata kusimama.

"Kimeondoka," alisema.

Kibibi alirudi nyuma hatua moja, akagota kwenye umati.

"Nilikungoja tangu alfajiri, bibi, nikadhani utakuja kunichukua. Kimeondoka bila mimi." Akatafakari, kama mtu anayetazama nyumba atakayoishi. "Basi, nimekaa humu."

Akamshika mkono kwa adabu, kwa upole ambao Kondo hakuwahi kuwa nao, akaanza kumpitisha katikati ya watu.

"Twende nyumbani, mke wangu," alisema.