Dua ya Mkemia wa Kim Long

*Chai isipite nyumbani.*

Ujumbe uliingia wakati basi la vitanda likiuacha mpaka wa Lao Bảo na kuanza kuteremka milima katika ukungu wa alfajiri.

Lã Khuê aliusoma chini ya blanketi, akaufuta, akajilaza tena kama msichana aliyechoshwa na safari. Kwa abiria wenzake alikuwa mtalii wa shanta kutoka Kuala Lumpur, asiyejua hata neno moja la Kivietinamu. Alivaa suruali pana yenye picha za tembo. Viatu vyake vilikuwa katika mfuko wa nailoni, kama sheria ya basi inavyotaka. Nyuma ya shanta lake la Osprey ilining'inia sufuria ndogo, na ndani ya shanta, chini ya nguo chafu, ililala bastola ya Makarov. Betri yake ya kuchajia simu haikuwa betri. Ilikuwa redio, yenye kisikizi kidogo cha sikioni.

Kwa Idara ya ujasusi iliyomtuma aliitwa Korongo.

Na chai ilikuwa binadamu.

Alilala nyuma kidogo, upande wa dirisha: mzee Lương Vĩnh Trác, mkemia, mzaliwa wa Huế, aliyepotelea ng'ambo ya mpaka akilitumikia genge la Bwana Khoát. Kazi yake ya mwisho ilikuwa dawa ya maji ya homa ya watoto. Mafuriko yalikuwa yamepita, homa zilikuwa zimezagaa, na akina mama wa mkoa mzima walikuwa wakitafuta dawa ya bei nafuu. Khoát aliamuru ichanganywe na kiyeyushi cha rangi, kwa kuwa kiyeyushi ni rahisi na ladha yake ni tamu. Mtoto akinywa kijiko asubuhi, usiku hana mkojo. Kesho yake figo zimekufa.

Shehena ilikuwa imefichwa mahali fulani Huế. Malori yangeondoka leo mchana.

Trác alipajua mahali hapo. Alikuwa tayari kusema, ila si kabla ya kuchoma udi mbele ya mama yake. Leo ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mama huyo, naye alikuwa kifungua mimba.

Khuê alikuwa ameshindana naye ukingoni mwa mto, kule Savannakhet, ng'ambo ya mpaka, hadi sauti ikamkauka.

"Baba mkubwa, niambie sasa. Udi utauchoma baadaye."

"Mwanangu, nikikwambia wewe aibu hii kabla ya kumwambia mama, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Watu wa Khoát nao wanaijua tarehe."

"Kila mtu anaijua tarehe. Ndiyo maana ya kumbukumbu."

Mwishowe walipatana. Kituoni kungekuwa na gari. Ng'ambo ya mto kulikuwa na nyumba ya Idara, na humo zimewekwa picha ya marehemu, matunda, wali na udi. Mwana aliye mbali huruhusiwa na mila kumwabudu mzazi kwa kuelekea kwao. Trác alisikiliza yote hayo, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Khuê aliamini kichwa hicho. Hilo lilikuwa kosa lake.

Huế iliwapokea kwa mvua, ile mvua yake nyembamba isiyo na haraka wala mwisho. Mlango wa basi ulipofunguka, wapiga debe walimrukia mtalii wa shanta kama kuku waliomwagiwa mtama.

"Dada, hoteli. Maji ya moto, dirisha la mtoni."

"Huyu wangu, nimemwona tangu dirishani."

"Wako kwa ukoo gani? Mtazame, shanta limemzidi. Mbebe yeye pamoja na shanta, ulipwe mara mbili."

"Nibebe nani. Ananuka basi zima."

Walimsema mbele yake kwa raha zote, maana waliamini kwamba hasikii. Walimshika mkono, wakamzibia njia, wakamwekea picha za makaburi ya wafalme machoni. Naye Khuê, aliyefunzwa kupenya vizuizi vya jeshi, alikwama.

Juu ya mabega yao alimwona Trác.

Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemtupia jicho mzee mwenye kandambili na koti la mvua la nailoni. Alipita kando ya gari la Idara, akamtazama dereva wake, akaendelea kutembea. Kisha akapanda nyuma ya bodaboda, Honda Dream kuukuu, akatoweka.

Ngozi ya mtalii ikamvuka Khuê hapo hapo.

"Ondokeni njiani, kunguru nyie," alisema kwa lafudhi nzito ya mkoa jirani wa Quảng Trị, "kabla sijawang'oa meno mkatafunie ufizi."

Kisha mmoja wao, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kijeshi, akakohoa.

"Kumbe jirani. Mbona hukusema, dada? Bei ya wenyeji ni nyingine."

Khuê alikwisha kaa nyuma ya Honda Wave yake. "Kim Long. Ukimpita yule wa Dream, nitakupa bei ya watalii."

Redio ikaguna sikioni.

"Korongo. Chai iko wapi?"

"Inaelekea nyumbani."

"Izuie."

"Nileteeni watu."

"Watu wako ng'ambo ya mto, na daraja limeziba kwa magari. Polisi wa mji hatuwezi kuwaambia, mji huu una masikio. Uko peke yako."

Khuê aliitambua sauti hiyo. Ndiyo sauti ambayo daktari huitumia akiwa amekwisha kufunga faili.

Hawakumpita yule wa Dream. Hata kumwona hawakumwona.

Nyumba ya ukoo wa Lương, huko Kim Long, ilijificha nyuma ya ua wa michai iliyokatwa sawasawa. Pikipiki zilijaa uani. Moshi wa udi ulichanganyika na harufu ya samaki wa kukaangwa. Katika siku kama hiyo mgeni haulizwi nani amemwalika. Mwenye matunda na pakiti ya udi huingia, huchomeka kijiti chake, hupewa bakuli. Kwa hiyo Khuê alinunua machungwa kwenye kona, akavua viatu, akaingia.

Kwa hiyo na mwingine alikuwa ameingia kabla yake.

Alikaa kwenye mkeka wa watoto, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye nywele zilizochanwa vizuri. Alikuwa ameleta mabalungi makubwa kuliko ya wageni wote, na kujitambulisha kwa jina la Cảnh, mfanyakazi mwenzake Trác. Koti lake la mvua la zambarau hakulitundika. Alilikunja juu ya mapaja, na chini ya kunjo zake kulikuwa na kitu kizito. Watoto walimbana kushoto na kulia.

Alikuwa akiwamenyea kamba.

Khuê alitazama mikono ile safi ikitoa ganda, ikitia nyama katika bakuli la kitoto, ikichukua kamba mwingine.

Trác aliingia wakati huo huo. Dereva wa ile bodaboda alikuwa amepotea njia kwenye vichochoro. Akiwa kizingitini alimwona Cảnh. Khuê aliona jinsi alivyomwona. Bado angeweza kugeuka, mlango ulikuwa nyuma yake na mvua ingemficha.

Alivua kandambili, akaingia.

Liễn, mjane wa mdogo wake, aliyeibeba nyumba hiyo na madhabahu yake miaka yote ya upweke, hakumkumbatia. Alimwuliza kama amekuja kuhakikisha kwamba wamekufa wote au bado amebaki wa kupika. Kisha akamfuta mvua usoni kwa upindo wa gauni lake.

"Nenda, shemeji. Mama amekungoja hadi wali umepoa."

Trác akawasha udi. Khuê akasimama nyuma yake, viganja vimekutana, kama anayesubiri zamu.

Dua ya wafu ina mpangilio ambao hakuna aliyewahi kuuvunja. Kwanza tarehe. Pili mahali, kwa ukamilifu wake, ili marehemu ajue mlango wa kuingilia na meza ya kula. Tatu jina la anayeomba. Husemwa kwa mnong'ono wa haraka, na kwa kuwa kila mtu anaijua, hakuna anayeisikiliza.

"Leo, siku ya kumi na saba ya mwezi wa kumi," alinong'ona Trác, "hapa Bao Vinh, nyuma ya gati ya mchanga, katika kinu cha zamani cha mpunga chenye paa la bluu, mimi Lương Vĩnh Trác, mwana mkubwa, naja mbele yako, mama, na mikono michafu."

Khuê aliinua kichwa.

Hapa hapakuwa Bao Vinh. Hapa palikuwa Kim Long.

Liễn naye alikuwa amesikia. Alimgeukia jirani yake, akasema kwa huzuni kwamba ughaibuni umemla shemeji yake akili, hata anwani ya kwao ameisahau, na masikini mama leo atakwenda kula wapi.

Cảnh aliendelea kumenya kamba.

Khuê alichomeka kijiti chake, akapita jikoni, akatoka hadi kisimani. Akabonyeza betri.

"Korongo hapa. Bao Vinh, nyuma ya gati ya mchanga. Kinu cha mpunga, paa la bluu. Sasa hivi."

"Una hakika?"

"Amemwambia mama yake."

Kisha: "Na chai?"

"Iko mezani pamoja na mtu wa Khoát. Nileteeni watu wawili tu na gari la wagonjwa."

"Kila tulicho nacho kinakwenda Bao Vinh."

"Basi mmoja."

Redio ilikwisha nyamaza.

Aliporudi, Cảnh alikuwa amesogea mezani, koti limefunika mkono wake wa kulia. Kwa kushoto alimimina pombe ya mchele katika kikombe kidogo. Mtoto mmoja wa kike alikuwa amemfuata, akaliegemea lile koti, akiomba kamba mwingine.

"Kaka mkubwa," alisema Cảnh kwa adabu, "kikombe kimoja kwa heshima ya bibi."

Mwana mkubwa hakatai kikombe siku ya mama yake. Trác alikichukua, akakisogeza mdomoni.

Pua yake ikasimama.

Alikuwa mkemia. Maisha yake yote alikuwa amenusa vitu ambavyo wengine hawavinusi.

Mkono wa Khuê uliingia ndani ya shanta ukaikuta Makarov. Alipima. Kutoka mlangoni, kila risasi ingepita karibu na shavu la mtoto yule. Kutoka dirishani, vilevile. Trác alimwona akipima. Akatikisa kichwa polepole, kama baba anayemnyima mtoto kitu sokoni.

"Umesafiri mbali kwa ajili ya kikombe kimoja," alimwambia Cảnh.

"Kazi ni kazi, kaka."

"Watoto waache wale."

"Sina neno na watoto."

Trác alikunywa hadi tone la mwisho. Akakiweka kikombe chini taratibu, uso wake ukielekea madhabahuni.

Cảnh aliinama mbele ya picha ya marehemu, akamshukuru Liễn kwa mapishi, akamsifia mchuzi wa samaki, akaaga. Khuê akamfuata hadi uani.

Kwenye pembe ya ua wa michai, Cảnh aligeuka. Bastola ilitoka kwenye koti la zambarau.

Khuê alikwisha msogelea, ameupita mkono wenye bastola.

Kiwiko kikapiga koo. Goti likapiga goti. Bastola ikazama topeni, na mwenyewe akaifuata. Khuê alimfunga mikono kwa kamba ya shanta kwenye shina la mpopoo, akamkamata zile nywele zilizochanwa vizuri.

"Dawa yake ni ipi?"

Cảnh alitema tope. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Ingekuwa na dawa, dada, nisingeichagua."

Ndani, watoto walikuwa wameambiwa wapunguze kelele, babu amelewa na kusinzia. Khuê alipiga magoti kando ya kiti cha Trác. Mkono wake ulikuwa baridi, midomo imebadilika rangi. Alimnywesha maji ya chumvi, yakatoka pembeni mwa mdomo. Akajaribu tena. Yakatoka tena.

Redio ikasema sikioni kwamba kinu kimekamatwa. Malori yote yalikuwa bado yanapakia. Hakuna chupa hata moja iliyotoka.

"Wamewahi, baba mkubwa," alinong'ona. "Yote yamekamatwa."

Trác hakutabasamu. Alipumua kama mtu anayepanda ngazi.

"Khoát atampata mkemia mwingine."

"Najua."

"Hatakawia. Mwezi ujao."

"Najua, baba mkubwa."

Alitaka kusema jingine, lakini ngazi zilikuwa zimekwisha.

Liễn alisimama juu yao na bakuli la wali mkononi. Alikitazama kikombe. Akautazama mlango alimotokea mgeni wa mabalungi. Akalitazama tope kwenye magoti ya Khuê. Hakupiga yowe, watoto walikuwa wakila. Alivitoa vijiti vya kulia katika vidole vya shemeji yake, akavifuta, akavilaza juu ya madhabahu karibu na vya mama.

"Basi," alisema kwa sauti ya kawaida. "Kuanzia mwakani tutapika mara moja kwa wote wawili."

Khuê aliinama.

Alivaa viatu kizingitini, akabeba shanta, akatoka mvuani bila kugeuka nyuma. Kwenye mpopoo, Cảnh alikuwa ameketi kimya akiangalia mvua, kama mtu anayesubiri gari lake. Idara ilisema kwamba watu wa kumchukua wako njiani. Na kwamba katika mji wa Vinh, mbali kaskazini, mtu fulani ameonekana akitafuta mkemia. Basi la vitanda lingeondoka jioni. Waliuliza kama anaweza kusafiri tena leo leo.

Aliwajibu kwamba anaweza.