Pazia Katika Jicho la Msusi

Wateja wengi hawakujua jina lake la kuzaliwa. Walimwita Miwani, naye aliitika. Tangu utotoni alivaa miwani yenye vioo vinene kama kitako cha chupa. Akiivua, uso wa mtu aliyesimama mlangoni ulikuwa ukungu mtupu. Akiivaa, hakuna msusi wa kumfikia. Vidole vyake vilikwenda mbio, na njia za nywele zilinyooka kama zimepigwa rula.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Ilikuwa na viti viwili, kioo kirefu na feni iliyokohoa kila ikiwashwa. Katika vyumba vya nyuma aliishi na mume wake, fundi bomba, pamoja na mama mkwe wake na binti yao wa darasa la sita. Binti naye alivaa miwani mizito. Macho alirithi kwa mama, ubishi kwa baba.

Asubuhi moja Miwani alikuwa akisuka, mara akapunga mkono hewani. Akapunga tena.

"Unapigana na nani?" mteja akauliza.

"Na hawa nzi."

"Nzi gani? Mimi sioni hata mmoja."

Walicheka. Lakini wale nzi hawakuondoka. Vilikuwa vidoa vyeusi vidogo, vingi, vikielea mbele ya jicho la kulia. Akitazama kushoto, navyo vilikwenda kushoto. Akitazama ukuta mweupe, vilionekana zaidi.

Jioni, kitu kikammulika pembeni mwa jicho, kama radi ya mbali.

"Mume wangu, zima hiyo taa inayomulika-mulika."

"Taa ipi?" mumewe akashangaa. "Umeme si umekatika tangu mchana?"

Mama mkwe alisema ni uchovu. "Kutwa nzima umekodolea vichwa vya watu. Macho yasichoke yana nini?" Akaenda duka la dawa akarudi na kichupa cha matone. Matone yalikuwa baridi, yakampa nafuu kidogo. Jicho halikuwa jekundu. Halikuuma. Miwani akajiambia kwamba kisichouma hakina neno, akaendelea na kazi.

Siku chache baadaye alikuja mteja wake wa zamani, muuguzi wa kliniki ya macho. Mtaani wote walimwita Sista. Alikuwa mapumzikoni, akaketi vizuri, akaanza kusimulia habari za kazini. Miwani alisuka upande wa kulia wa kichwa ukaisha. Alipohamia upande wa kushoto, Sista akajitazama kwenye kioo.

"Leo umeamua kunichorea mto?" akauliza. "Mbona njia inakwenda mrama?"

Miwani akainama kuitazama njia ile. Ilikuwa imepinda kweli. Akafuta miwani yake kwa kitambaa, akaivaa tena.

"Nisamehe, Sista. Kuna kivuli kinanisumbua. Nikifuta miwani hakitoki."

Sista aliacha mzaha. "Kivuli kiko wapi?"

"Jicho la kulia. Kwa chini, upande wa pua. Jana kilikuwa kidogo. Leo kimepanda. Ni kama mtu anavuta pazia."

"Kabla ya hapo uliona vidoa vyeusi? Mimuliko ya mwanga?"

"Vyote. Umejuaje?"

Sista alisimama. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa vizuri, nusu ilikuwa imetimka kama manyasi. Akachukua khanga yake, akaifunga kichwani. "Chukua mkoba wako. Tunakwenda hospitali."

"Sasa hivi? Na nywele zako?"

"Nywele zitasubiri. Jicho halisubiri."

Mama mkwe alitokea mlangoni. "Angalau mngoje mumewe arudi kutoka kazini. Jicho lenyewe haliumi. Haraka ya nini?"

"Mama," Sista akasema kwa upole, "sehemu ya jicho iliyoharibika haina maumivu. Ingekuwa inauma, huyu angekwenda hospitali siku ya kwanza. Pazia likifika katikati, anaweza asiione tena njia ya nywele wala sura ya mjukuu wako kwa jicho hilo."

Mama mkwe hakubisha zaidi. Alimletea Miwani viatu.

Hospitalini walimtia matone ya kupanua mboni. Daktari alilimulika jicho kwa muda mrefu, akimwambia atazame juu, chini, kando. Kisha akasema, "Retina imechanika na sehemu yake imebanduka. Bahati nzuri, katikati bado imeshika. Tutakufanyia upasuaji haraka kabla haijabanduka yote."

Wakisubiri kwenye benchi la ukumbini, Sista alimshika Miwani mkono.

"Hiyo retina ni kitu gani hasa?" Miwani akauliza.

"Ni utando mwembamba sana ulio nyuma ya jicho, ndani. Mwanga ukiingia unatua hapo. Utando huo una seli ndogo ndogo zinazopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Zile za kuonea gizani zinaitwa vijiti."

"Na kubanduka kwake kuna hatari gani? Si utando bado umo humo humo?"

Sista akafikiri, kisha akagusa msuko mmoja chini ya khanga yake. "Wewe msusi, niambie. Nywele hukulia wapi?"

"Kwenye mzizi."

"Na ncha zikichakaa?"

"Nazipunguza."

"Basi na vijiti ni hivyo hivyo. Kila siku hukua upande wa shina, na ncha zake huchakaa kwa mwanga. Asubuhi kunapokucha, vijiti hudondosha ncha zilizochakaa. Sasa, wewe ukikata nywele, nani anafagia?"

"Mimi mwenyewe. Nisipofagia, mchana wake hakukaliki."

"Nyuma ya retina kuna tabaka jingine la seli, zenye rangi nyeusi. Hizo ndizo wafagiaji. Humeza zile ncha na kuzisaga. Tena hizo hizo hupitisha chakula na hewa safi kutoka kwenye damu. Samaki, chura, kuku, paka, binadamu, sote tuna mpango huo. Sasa retina ikibanduka, inaachana na wafagiaji wake. Taka hazizolewi, chakula hakifiki vizuri. Seli za kuona huanza kufa."

"Na zikifa hazioti tena kama nywele?"

"Hazioti. Ndiyo maana nimekukimbiza."

"Kwa nini mimi lakini? Sikuumia."

"Jicho lenye miwani mizito kama lako mara nyingi ni refu kuliko kawaida. Retina imevutika, imekuwa nyembamba. Haikuhitaji pigo."

Upasuaji ulifanyika. Daktari aliondoa ute uliokuwa ukiivuta retina, akairudisha mahali pake, akauzungushia mchaniko alama za leza, yaani mwanga mkali unaochoma, ili kovu liishikize. Mwisho akajaza jicho gesi. Kisha akatoa amri ambayo Miwani aliiona ngumu kuliko upasuaji wenyewe: kwa siku kadhaa akae ameinamisha uso, na alale kifudifudi. Tena asipande ndege mpaka gesi iishe, maana angani gesi hutanuka.

"Mimi na ndege wapi na wapi!" alisema Miwani. "Lakini kuinama kutwa kucha, kwa nini?"

Hapo mumewe, aliyekuwa amewafuata hospitalini, akaingilia kati, maana sasa mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye fani yake. "Hewa ndani ya maji hupanda juu siku zote, mke wangu. Ukiinama, nyuma ya jicho ndiyo inakuwa juu. Povu la gesi litapanda likaikandamize retina ukutani mpaka ishike. Ni kama ninavyokandamiza kiraka kwenye bomba."

"Umenigeuza bomba?"

"Bomba la thamani kubwa."

Walipofika nyumbani, mumewe alikata tundu katikati ya kiti cha zamani, akalizungushia sponji na kitambaa laini. Miwani akalaza uso hapo. Shingo iliuma. Siku zilikuwa ndefu, na mara mbili alilia kwa kuchoka. Chakula alikula kwa kuinamia sahani, chai akanywa kwa mrija. Mama mkwe alitandika mkeka sakafuni, akalala chali chini ya kiti ili waongee wakitazamana.

"Mwanangu," alisema siku moja akiwa pale chini, "yale matone yangu yamekudhuru?"

"Hayakunidhuru, mama. Yalitupotezea siku tu. Hata mimi nilitaka iwe uchovu."

Sista alikuja kumwona, khanga ingali kichwani. Kazini, alisema, mgonjwa mmoja alimwuliza kama huo ndio mtindo mpya.

"Sista," Miwani akasema akiwa ameinama, "jicho langu limefunikwa, nami natazama sakafu tu. Hivyo vijiti vitajuaje kwamba kumekucha, vidondoshe ncha?"

"Ndani ya jicho kuna saa, hata kukiwa giza siku kadhaa inaendelea. Lakini mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha. Tena jicho ndilo linaloupa mwili mzima habari za usiku na mchana. Kwa hiyo daktari akikuruhusu, fungua dirisha asubuhi, na usiku zima taa, lala gizani."

Povu lilipoanza kupungua, Miwani aliona ukingo wake ukitikisika, kama maji kwenye glasi. Kila asubuhi ulishuka kidogo. Juu ya ukingo, ulimwengu ulianza kuonekana: kwanza dirisha, kisha kalenda, kisha uso wa mumewe na ndevu alizosahau kunyoa. Povu likaisha. Mistari ilionekana imepinda kidogo, ikanyooka polepole. Alipewa miwani mpya, na daktari akamruhusu kusuka tena.

Lakini kabla hajaondoka kliniki, Miwani aliuliza, "Na binti yangu mwenye macho kama yangu?"

"Mlete," daktari akajibu.

Binti alikataa kama ilivyotarajiwa. "Sioni nzi, sioni radi, sioni pazia. Naenda kufanya nini?"

"Unakwenda kutazamwa," mama yake akasema, "maana mimi nilingoja mpaka nikaviona."

Daktari alimtazama kwa utulivu jicho moja, kisha la pili. Kwenye jicho la kushoto alisita. Pembeni kabisa mwa retina palikuwa na tundu dogo. Bado hapakuwa na sehemu iliyobanduka. Alilizungushia alama za leza siku hiyo hiyo, binti akiwa ameketi kitini. Akaambiwa arudi kutazamwa tena, na akiona vidoa vipya au mimuliko aje mara moja, asingoje hata usiku mmoja.

Walitoka nje. Jua lilikuwa kali, na mboni za binti zilikuwa bado zimepanuka kwa matone. Alifumba macho, akajikwaa kwenye ngazi.

"Mama, mwanga unanichoma. Sioni vizuri."

"Nishike," Miwani akasema.

Akamshika mtoto mkono, akamvusha barabara, akitazama kulia na kushoto kwa macho yake yote mawili.